Mimba ya Gundi

Mama mkwe wangu alikuwa na kawaida ya kukohoa kabla ya kusema jambo zito. Akikohoa mara moja tu, ujue chumvi imezidi kwenye mchuzi. Akikohoa, akatulia, kisha akajifunga upya kanga yake kiunoni, ujue habari ni ya mjukuu. Mwaka ninaousimulia hapa aliifunga upya kanga ile mara nyingi mno, na kila mara mimi ndiye niliyekuwa mbele yake.

Tulikuwa tunaishi watatu, yeye, mwanawe na mimi, katika vyumba viwili vya nyumba moja ya Kariakoo, mtaa wa nyuma ya soko. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, kama zilivyo nyumba zote za kule. Mume wangu alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini. Ni mtu wa maneno machache; nadhani mama yake aliyatumia yote kabla yeye hajazaliwa. Tulikuwa tumeoana miaka kadhaa na sikuwa nimeshika mimba hata ile ya kuharibika. Siku zangu tangu usichana hazikuwa na mpango, zinakuja zikitaka, zikitaka zinaruka mwezi. Nilikunywa dawa za mizizi, nilikunywa kombe la aya zilizooshwa sahanini, nilikwenda zahanati nikaambiwa nitulie. Nikatulia. Mama mkwe hakutulia.

Ramadhani ilipokaribia alinikuta jikoni, akakohoa, akajifunga kanga.

"Mwanangu, sikufukuzi," alisema. "Nyumba hii yako. Lakini mwanaume naye anataka siku moja aitwe baba fulani. Kule kwetu Kilwa kuna binti wa binamu yangu, mtoto ana adabu zake, na kwao wanazaa. Baada ya Idi mwenzio akipata likizo tutakwenda kuongea na wazee."

"Sawa, mama," nilisema. Nikatoka uani nikaosha masufuria ambayo yalikuwa yameshaoshwa. Niliumia, sitasema uongo. Niliumia zaidi kwa sababu nilimpenda yule bibi, na nilijua hakuwa anasema kwa ubaya. Mke mwenza angekuja na mkoba wake, angepangishiwa chumba cha tatu, na mimi ningekuwa dada mkubwa wa nyumba, wa kufundisha wenzake mahali chumvi ilipo.

Kazi nilikuwa nafanya Gerezani, kwenye ushirika wa viatu. Ilikuwa miaka ile baada ya vita, ambapo kiatu, sabuni na kiberiti vilikuwa habari ya kusimuliwa. Serikali ilituambia tujitegemee, nasi tukajitegemea: kundi la wanawake na wanaume wachache tulipewa chumba kimoja kirefu kilichokuwa ghala zamani, tukawa tunatengeneza viatu vya shule na makubazi ya ngozi. Nilijivunia kazi ile. Nilikuwa nikiona mtoto anapita mtaani na viatu vyeusi, natazama kwanza soli kabla ya uso.

Kiatu kinaanza kwa kukata ngozi, kinashonwa, kinavishwa kwenye kalibu, ule mguu wa mti, halafu ndipo inakuja habari ya soli. Soli inapakwa gundi kwa brashi, ngozi nayo inapakwa, vinawekwa kando mpaka gundi ikauke kiasi, ukiigusa kwa mgongo wa kidole isikung'ang'anie. Hapo unabandika na kupiga nyundo. Gundi yenyewe ilikuja kwenye madebe, rangi ya asali, na ikianza kuganda tuliizimua kwa tina, ileile ya wapaka rangi. Harufu yake mwanzoni ni tamu. Wiki za kwanza nikifika nyumbani nilikuwa nainusa mikononi mwangu, nikaona ni harufu ya mtu mwenye kazi.

Ghala lile lilikuwa na madirisha mawili makubwa, na yote mawili tuliyapigilia mbao. Msituone wajinga, ilikuwa ndiyo akili ya miaka ile. Ukiacha dirisha wazi Gerezani na ndani mna viatu, mpita njia atachungulia. Akichungulia anasimama. Akisimama, anayekuja nyuma yake anasimama pia, maana siku hizo mtu akikuta foleni anaingia kwanza, ndipo anauliza kinachouzwa. Tuliwahi kuacha dirisha moja wazi asubuhi moja, na kabla ya chai foleni ilikuwa imeshakata kona, watu na vikapu vyao, wengine wamebeba na mitungi wakidhani ni mafuta ya taa. Na sisi hatukuwa tunauza pale. Viatu vilikwenda duka la ushirika. Ilibidi balozi wa nyumba kumi aje kuwatuliza. Tangu siku hiyo mwenyekiti wetu aliamuru madirisha yazibwe na mlango uwe unafungwa kwa komeo. Tulifanya kazi kwa taa mchana kweupe.

Mwenyekiti alikuwa fundi viatu wa siku nyingi, mtu mwema, mwenye sauti kubwa kupita kiasi. Hata akikuomba uzi ungedhani anahutubia mkutano wa hadhara. Sisi tulisema ndiyo sauti ya uongozi.

Kuhusu ile harufu, hatukuwa wazembe. Nani Dar es Salaam hakujua kwamba maziwa yanakata sumu? Wachomeleaji walikunywa maziwa, wapaka rangi magari walikunywa maziwa, nasi kila siku saa nne tulipanga vikombe. Maziwa yalikuwa ya shida, tukayapigania. Mkutano wa wanachama ungeweza kwenda asubuhi nzima kwa habari ya maziwa tu: kwa nini yamepungua, kwa nini yana maji, nani alikunywa mara mbili. Kuhusu madirisha hakuna aliyewahi kunyoosha mkono. Tulikunywa, tukafuta midomo, tukarudi kwenye debe tukiwa na amani.

Mimi nilikuwa upande wa nyundo. Siku moja, katikati ya Ramadhani, nilikuwa nimeinama juu ya kiatu nikaona sakafu inainama, kama mtu ameinua ncha moja ya mkeka. Nikashika meza. Meza nayo ikaja. Kichefuchefu kikanipanda, nikatoka nje kutapika ilhali tumboni hamna kitu, na mate yakanijaa mdomoni.

Shoga yangu mmoja, mama mnene aliyekuwa upande wa kushona, alinifuata nje. Alinitazama kuanzia miguuni hadi usoni, kama anayenunua mbuzi.

"We," alisema, "mwezi huu umeziona siku zako?"

Nikafikiri. Mwezi ulikuwa umepita, na mwingine umefika katikati. Kwangu si ajabu, lakini pale, nimeshika ukuta, mate mdomoni, nilisahau kwamba si ajabu.

"Sijaziona," nilisema.

"Dalili ya mvua ni mawingu!" alisema, akapiga kigelegele kidogo cha kujibana, maana ni mwezi wa toba.

Nilimwomba asimwambie mtu. Ningekuwa nimemwomba jogoo asiwike. Nilipofika nyumbani jioni mama mkwe alikuwa ameketi barazani, na sikuhitaji kuuliza kama habari zimemfikia. Hakukohoa. Hakugusa kanga. Alisogea tu kwenye mkeka, akapapasa mahali palipobaki, akasema, "Kaa, mwanangu."

Sijui kama naweza kueleza raha ya siku zile. Mama mkwe alinifulia. Alinipikia uji wa pilipili manga, akaniletea udongo wa kutafuna kutoka sokoni na embe mbichi zilizokatwakatwa na chumvi, nami nilivila vyote kwa kuwa wajawazito wanavila. Ujumbe ulikwenda Kilwa kwamba safari imeahirishwa, halafu ukaenda mwingine kwamba imefutwa, yule binti asisubiri. Mume wangu siku moja alirudi na kipande cha sabuni ya kunukia, alikipata wapi Mungu ndiye anajua, akakiweka juu ya kabati. "Ya kumwogeshea," alisema. Maneno mawili, nami nikageukia ukutani nikalia kwa furaha.

Kazini nako walinihurumia. Kulikuwa na desturi pale tangu ushirika uanze: mjamzito hapigi nyundo, kwa kuwa mtikisiko unashuka tumboni. Haendi kwenye meza ya kukata, kwa kuwa pale ni kuinama. Mjamzito anakaa. Na kazi ya kukaa ilikuwa moja, kupaka gundi. Kiti chake kilikuwa pembe ya ndani kabisa, mbali na mlango, upepo usimpige, kimewekewa mto, debe liko karibu na magoti asijinyooshe. Tulikiita kiti cha heshima. Mwenyekiti mwenyewe alinishika mkono akanipeleka, na akatangaza kwa sauti yake ile kwamba kuanzia siku hiyo ndugu yetu atapata vikombe viwili vya maziwa.

Basi nikakaa. Na kwa kadiri nilivyokaa, ndivyo mimba ilivyokomaa. Kichwa kilianza kuuma kila siku. Asubuhi nilikuwa natembea ukumbini kwa kugusa ukuta huu na ule. Mikono ilianza kunitetemeka. Nikigeuza shingo kwa haraka, dunia ilichelewa kugeuka pamoja nami. Siku moja nikitoka kumwangalia shangazi yangu Magomeni nilivuka Jangwani kwa miguu, nikaanguka mara mbili kwenye njia kavu, nyeupe, ambayo hata mlevi angeimudu. Vijana waliokuwa wanacheza mpira waliniinua. Jirani mmoja aliyeona akapeleka maneno kwamba mkamwana wa nyumba fulani siku hizi anaonja. Mama mkwe alimfuata kwake, akamrarua kwa maneno. "Kiumbe changu kiko tumboni mle," alimwambia. "Chenyewe ndicho kinachomyumbisha. Kina nguvu kama baba yake."

Habari ya masikio ilikuja kimyakimya, na ndiyo maana hatukuiona. Vijana wa mtaani walianza kusema ninajisikia. Mtu anakwambia shikamoo, unapita. Kwetu sisi hilo si jambo dogo; unaweza kumnyima mtu chumvi, huwezi kumnyima marahaba. Mwarabu mwenye duka la kona, ambaye babu yake na baba yake waliuza kwenye kibanda kilekile, na ambaye sukari ikija alikuwa ananifichia kidogo chini ya meza, alinisalimu siku tatu mfululizo sikumjibu. Siku ya nne akanihudumia bila kunitazama. Niliporudi bila ile sukari ya kufichiwa nikamsimulia mama mkwe, naye alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mimba imemchukia!" alisema. "Mimi nilipokuwa na mimba ya mumeo nilimchukia mjomba wangu mzima, sikutaka kuona hata kofia yake."

Akaenda mwenyewe dukani kumweleza. Yule bwana naye akaelewa, kwa kuwa mkewe aliwahi kuwachukia watu wa Pemba wote. Ikatangazwa mtaani kwamba mimba yangu ni ya kuchagua watu, na kila niliyempita bila kumjibu alijihesabu tu kwamba amechukiwa. Wengine walinionyeshea heshima zaidi. Na mimi mwenyewe niliamini. Nikiona mdomo wa mtu unacheza na sauti haiji vizuri, nilijisemea, huyu naye tumbo langu halimtaki.

Halafu gundi ikaisha.

Haikuwa ajabu, kila kitu kiliisha miaka ile. Meli haijaja, au imekuja na fedha za kigeni hazipo, sikumbuki walitueleza nini. Mwenyekiti alitutangazia tukae nyumbani mpaka tutakapoitwa. Idi ilikuwa imepita kitambo. Nikakaa nyumbani, nimepumzika, nimenyoosha miguu kama malkia.

Baada ya siku chache niliamka asubuhi kichwa hakiumi. Nikasubiri kianze kuuma, hakikuuma. Nikasimama katikati ya chumba, nikageuka kulia, nikageuka kushoto, dunia ikageuka pamoja nami. Chai nikainywa ikakaa. Wiki iliyofuata nilikuwa nachota maji na kupanda ngazi ya mlango bila kushika kitu. Nilikuwa napona, na sijawahi kuchukia kitu maishani kama nilivyochukia kupona kule. Nilijaribu kujitapisha. Nilitafuna udongo mpaka meno yakaniuma. Nililala nikiomba niamke nina kizunguzungu.

Nikaamka nimeziona siku zangu.

Sikumwambia mtu. Nilisema nakwenda kliniki ya wajawazito, na nilikwenda kweli, kwa kuwa nilitaka aniambie mtu mwenye koti jeupe. Muuguzi alinipima tumbo, akaniuliza maswali, na kila aliponiuliza akiwa ameinamisha uso kwenye meza yake mimi sikujibu. Mwishowe akaninyanyua kidevu. "Dada, hunisikii?" Nikasema nakusikia sasa. Akasema tumboni hamna mtoto wala hamkuwahi kuwa na mtoto, pole, lakini masikio yangu yanamtia wasiwasi. Akanipeleka kwa daktari wa masikio, mzee mpole mwenye miwani.

Daktari alikuwa na kichuma chenye meno mawili, akikigonga kinalia. Alikiweka karibu na sikio, akakisogeza, akakiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio, akawa ananitaka niseme kinapoacha kulia. Kwangu kiliacha mapema. Alinisimamisha miguu pamoja, akaniambia nifumbe macho, nami nikaanza kuinama upande kama mnazi. Akanidaka. Kisha akaniuliza swali ambalo katika miezi yote ile hakuna aliyeniuliza, si mganga, si shoga, si mama mkwe:

"Unafanya kazi gani?"

Nilipomweleza habari ya gundi, na tina, na nyundo, na madirisha, alivua miwani. Alinieleza taratibu, akinitazama usoni. Mvuke wa gundi unaingia na pumzi, unakwenda kwenye damu, na damu inaupeleka kichwani na ndani ya sikio. Ndani kabisa ya sikio kuna vyumba viwili vilivyopakana, kimoja cha kusikia, kingine cha kumsimamisha mtu asianguke. Ni wapangaji wa nyumba moja, moshi ukiingia kwa huyu na yule anakohoa. Kelele ya nyundo inaongeza. Kizunguzungu, alisema, kitapungua nikikaa mbali, ingawa gizani nitakuwa mtu wa kushika ukuta. Nikamuuliza kusikia je. Akasema kilichokufa humo hakioti tena.

"Na maziwa?" nilimuuliza.

"Maziwa ni chakula kizuri," alisema. "Yanakwenda tumboni. Wewe unakunywa, na huku unapumua."

Nilirudi kwa miguu kutoka huko hadi Kariakoo. Nilimkuta mama mkwe uani anachambua mchele kwenye ungo. Nilikaa chini mbele yake nikasema kabla ujasiri haujaniishia.

"Mama, hakuna mtoto. Hakujawahi kuwa na mtoto. Ni gundi."

Aliendelea kuchambua. "Gundi gani?"

Nikamweleza yote. Aliondoa jiwe moja, akaondoa jingine. Nilikuwa nangoja akohoe. Niliiona Kilwa, nikamwona yule binti na mkoba wake.

"Nimezaa saba, nimezika watatu," alisema hatimaye. "Mimba naijua. Hakuna gundi inayoweza kunidanganya mimi. Huyo daktari wako amezaa mara ngapi?" Akaweka ungo chini. "Gundi ikija, unipeleke huko."

Ikaja. Siku tuliyoitwa alivaa kanga mpya, akajitanda, tukaenda pamoja Gerezani. Mwenyekiti alimpokea kwa shikamoo iliyosikika stesheni. Mama mkwe alisema amekuja kuona kazi anayofanya mkwewe, wakampa kiti cha heshima, kwa kuwa ni mgeni na ni mkubwa. Nilitaka kumzuia, akanikata jicho. Komeo likafungwa, debe likafunguliwa, nyundo zikaanza. Alikaa pembeni pale akiwauliza watu habari za kwao. Akanywa na maziwa, vikombe viwili. Mimi nilikaa karibu na mlango, na kila alipotikisa kichwa nilikuwa nainuka kidogo kitini.

Kabla ya adhuhuri alisema anataka kutawadha. Akainuka. Alipiga hatua moja ya kawaida, ya pili ikaenda kushoto, ya tatu ikamfuata ya pili. Akashika kalibu, kalibu ikaanguka. Mimi na shoga yangu tukamdaka kwapani tukamtoa nje, na pale ukutani, mahali nilipotapikia mimi, mama mkwe wangu, mwenye mvi zake, akatapika maziwa ya ushirika yote.

Wafanyakazi walikuwa wametoka wote. Alifuta mdomo kwa pindo la kanga, akawatazama mmoja mmoja, macho mekundu.

"Haya," alisema. "Na mie nina mimba. Nani baba yake?"

Watu walicheka, tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini kicheko kilipokwisha hakuna aliyerudi ndani. Mtu mmoja alisema yeye kizunguzungu chake alikuwa anakinywea klorokwini. Mwingine aliambiwa ni presha. Shoga yangu alisema ameshachinjiwa mbuzi wawili wa pepo. Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma, anawaangalia watu midomo, na akauliza kwa sauti yake kubwa, "Wanasema nini?" Hapo tukamtazama, sote, kwa mara ya kwanza. Mkewe alikuwa amemwacha miaka miwili nyuma, akisema haishi na mwanaume anayemgombeza mchana kutwa.

Mbao zilitolewa siku ileile, kwa nyundo zetu wenyewe. Foleni ilikuja, bila shaka, ikakaa wiki nzima, tukaizoea, ikachoka. Kiti cha gundi kikahamishiwa nje, chini ya bati, na tukakubaliana kwa mkutano kwamba tutapokezana kukikalia, na mjamzito hakai hapo. Mimi nilihamia meza ya kukata.

Jioni ya siku ile mama mkwe alilala na kitambaa cha maji kichwani. Mume wangu alirudi, nikamwambia mwenyewe, kwa sababu sikutaka ayasikie mtaani. Alikaa kimya mpaka nikadhani ameongea na mimi sijasikia. Kisha akasogea mbele ya uso wangu, akasema, "Mimi sikumwomba mtu mke wa pili." Hayo yalikuwa maneno mengi sana kwake, na nilimshika mkono sikuuachia.

Na mama yake, kutoka chini ya kitambaa, akadakia: "Na Kilwa nilishawaambia wasisubiri. Mie si mtu wa ndimi mbili. Hata hivyo yule binti keshaposwa na fundi baiskeli."

Mtaani waliniita mama gundi kwa muda. Niliwaacha wacheke, hata mimi ningewacheka kama ingekuwa wao. Kulia nililia peke yangu, uani, nikiwa nimefungulia bomba. Nilijifunza kuangalia midomo. Nilijifunza kukaa kwenye shughuli mahali ambapo wote nawaona. Yule Mwarabu wa kona alijua, akawa anagonga meza kabla ya kunisalimu.

Mimba ya kweli ilipokuja, baada ya mwaka na zaidi, haikuwa na dalili hata moja. Sikutapika, sikuyumba, sikumchukia mtu. Kwa hiyo hakuna aliyeiamini, na mimi ndiye niliyeikataa kuliko wote, mpaka kitu kilipogeuka ndani yangu nikaacha mkasi mezani. Mama mkwe hakupiga kigelegele. Hakuleta udongo. Kila asubuhi aliweka kiganja chake tumboni kwangu, akakitoa, akaendelea na kazi zake, kama mtu anayeona kwamba neno moja tu litaharibu.

Uchungu ulinishika Jumapili alasiri, na Jumapili alasiri miaka ile magari yalikatazwa kutembea ili kubana mafuta. Teksi hakuna. Mume wangu alikimbia kutafuta gari la wagonjwa, na hata alikokimbilia sijui. Mkunga wa mtaa wa pili akaja kwa miguu na beseni lake. Nilijifungulia chumbani kwa mama mkwe, mchana, dirisha wazi, pazia linapepea.

Nilihisi mtoto ametoka. Nilimwona anainuliwa, kanipa mgongo, mwekundu, miguu imekunjwa. Chumba cha mbele, ng'ambo ya ukumbi, kulikuwa na mpangaji mwenye kichanga, nikakisikia kichanga kile kinalia kwa mbali sana, sauti nyembamba. Wangu kimya. Mkunga alikuwa anashughulika na kitovu, mdomo wake unacheza, sikuweza kuusoma. Nikangoja. Nikamsikia tena mtoto wa jirani.

"Mbona wangu halii?" nilisema. "Niambieni tu. Nimezoea."

Mama mkwe alimchukua kwa mkunga, akamlaza kifuani kwangu. Akachukua mkono wangu akauweka mgongoni mwa mtoto, na mgongo ule wote ulikuwa unatetemeka, unapanda na kushuka kwa nguvu. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wangu, machozi yanamtiririka, akasema taratibu ili niyaone maneno:

"Ndiye huyo unayemsikia, mwanangu. Ndiye huyo."